Pampu tupu kwenye pindo la kanga: kisa cha mpika vitumbua na mapafu yake

Alifungua pindo la kanga, akatoa pampu ya buluu, akaitikisa mara moja, akaachama, akaibonyeza mbele ya midomo kisha akameza. Akameza kama mtu anavyomeza funda la maji. Nikamwomba arudie. Safari hii nilisogeza sikio karibu, nikasikia kopo likitoa upepo mwembamba tu. Dawa haikuwamo.

"Hii ulipewa lini, bibi?"

Akahesabu kwa vidole. Tangu kabla ya Maulidi. Siku hiyo ilikuwa katikati ya Januari 2024, na Maulidi ilikuwa imepita kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kopo moja la salbutamoli, dawa ya kufungua kifua iliyomo kwenye pampu ya buluu, lina mivuto 200. Yeye alikuwa akibonyeza mara nane hadi kumi kwa siku, kwa hiyo liliisha kabla mwezi haujatimia. Muda wote uliobaki alikuwa akivuta upepo na kushangaa kwa nini dawa "imemzoea". Ndani ya miezi kumi na miwili alikuwa amelazwa mara tatu. Kila mara alitoka na mfuko wa dawa na karatasi iliyoandikwa atumie kama alivyoelekezwa. Hakuna aliyekuwa amemwomba aoneshe mkono wake unavyofanya. Na mimi, muuguzi, nimo humo: nilimpokea wodini mara moja kati ya hizo tatu, nikampa mashine ya mvuke, nikamwandalia dripu, na sikuuliza.

Kisa hiki nakiandika kwa idhini yake. Mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike.

Ni mama wa miaka 61, wa kijiji cha pwani katika mkoa wa Tanga. Amepika vitumbua vya kuuza tangu alipoolewa, zaidi ya miaka arobaini, akianza saa kumi alfajiri. Jiko lake lilikuwa chumba cha uani chenye dirisha moja dogo. Moto wake ni kuni, na kuni zikiadimika ni makumbi na vifuu vya nazi. Anayejua makumbi anajua moshi wake: mzito, mweupe, unaotambaa chini na usiotaka kutoka. Hajavuta sigara hata siku moja. Miaka mingi nyuma aliugua kifua kikuu, akameza dawa miezi sita mpaka akamaliza dozi, akaambiwa amepona. Kikohozi kiliporudi kila mtu alikiita pumu, na jina hilo likaandikwa kwenye kila daftari la hospitali alilokuwa nalo.

Daktari wetu alimtuma hospitali ya rufaa akapulize kwenye spairometa. Baada ya kupewa dawa ya kufungua kifua, sehemu ya hewa aliyoweza kuitoa katika sekunde ya kwanza ilikuwa 0.51 ya hewa yote aliyoitoa. Kipimo kikibaki chini ya 0.70 hata baada ya dawa, njia za hewa zimeziba na hazifunguki kikamilifu. Makohozi yalipimwa kwa GeneXpert, mashine inayosaka vijidudu vya kifua kikuu, na kifua kikuu hakikuonekana. Kwa hiyo haikuwa pumu. Ulikuwa ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, ule unaoitwa kwa kifupi COPD, uliojengwa na moshi wa jikoni na makovu ya kifua kikuu cha zamani.

Tofauti hiyo nilimweleza kwa mfuko wa unga. Mwenye pumu mdomo wa mfuko wake hukazwa kwa kamba, kisha kamba ikalegea ukarudi kama ulivyokuwa. Wake umeshonwa nusu. Hewa inaingia lakini haitoki yote, na ile ya zamani ikibaki ndani, mpya haina pa kukaa. Aliniangalia kwa muda. "Ndiyo maana nahema wakati kifua kimejaa," akasema. Daktari angetumia maneno mengi zaidi kusema jambo hilohilo.

Kazi niliyoianza naye wataalamu huiita usaidizi wa kujitunza. Wengi wetu tukisikia hivyo tunadhani ni kumpa mgonjwa elimu, yaani aketi, asikilize, aitikie "ndiyo nesi," aende. Bibi alikuwa ameketi, amesikiliza na ameitikia kwa miaka. Alichokosa ni mtu wa kutazama anachokifanya nyumbani kwake na kukifanyia kazi pamoja naye.

Tukaanza na pampu. Vidole vyake vina baridi yabisi, na kubonyeza huku akivuta pumzi kwa wakati mmoja kulimshinda. Spesa, yaani chombo kinachopokea dawa kutoka kwenye pampu ili mtu aivute taratibu, ilikuwa ghali kwake dukani, basi tukatengeneza kwa chupa ya maji ya nusu lita. Unatoboa kitako cha chupa kwa waya wa moto kwa kipimo cha mdomo wa pampu, unaingiza pampu, unaziba pembezoni hewa isipenye, naye anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Huu si ubunifu wa kubahatisha. Madaktari wa Cape Town, Heather Zar na wenzake, waliijaribu chupa ya aina hiyo kwa watoto waliobanwa na pumu, na mwaka 1999 wakatangaza kwamba ilifanya kazi sawa na spesa ya kiwandani. Kikombe cha plastiki laini walichokijaribu pia hakikufaa, na kuziba vizuri pale pampu inapoingilia kulionekana kuwa na maana. Ndiyo maana tulitumia nusu saa nzima kwenye gundi.

Kisha mwenendo wenyewe: tikisa, toa pumzi mpaka iishe, fumba midomo kwenye chupa, bonyeza mara moja, vuta polepole kwa kina, zuia pumzi ukihesabu hadi kumi, pumzika kama dakika moja, ndipo urudie. Alikosea mara nne. Ya tano akapata, akakaa kimya, kisha akasema, "Imefika." Alikuwa ameisikia ndani ya kifua kwa mara ya kwanza.

Daktari alimwandikia pia dawa ya kuvuta asubuhi na jioni, budesonidi pamoja na formoteroli, na nikamsisitizia asukutue mdomo kila anapomaliza ili asiote utando mweupe ulimini. Kupumua kwa midomo iliyobanwa hakuhitaji somo refu: vuta kwa pua, toa taratibu kama unapuliza uji wa moto usimwagike. Nilimwonesha namna ya kukaa akiinamia mbele, viwiko magotini, pumzi inapokatika. Na kwamba nguvu itumike wakati wa kutoa pumzi. Ndoo inyanyuliwe pumzi ikitoka.

Kutembea ndiko kulikokuwa kugumu, kwa sababu ya hofu. Anayekatika pumzi huogopa kutembea, akikaa miguu inalegea, miguu ikilegea pumzi inakatika mapema zaidi. Hospitali ya Mulago, Kampala, walifanya mazoezi ya wiki sita na watu ambao mapafu yao yaliharibiwa na kifua kikuu, wakachapisha matokeo mwaka 2017: wagonjwa walitembea umbali mrefu zaidi kuliko walivyoanza. Vifaa vya mazoezi sisi hatuna, ila ukumbi tunao. Bibi alitembea mita 215 kwa dakika sita, akisimama mara mbili. Tukakubaliana atembee kila siku baada ya alasiri, kutoka kwake mpaka msikitini na kurudi, akipumzika kwenye baraza la jirani bila kuona haya.

Haya. Neno hilo nilipaswa kulichunguza mapema, nami nililipita.

Nilimtengenezea mpango wa hatua, yaani karatasi ya kumwonesha afanye nini dalili zikibadilika, wa rangi tatu kama taa za barabarani, kijani, njano na nyekundu, wenye michoro kwa kuwa hasomi. Nilijivunia ile karatasi. Tulipoachana mwezi wa pili nilimwandika kwenye daftari langu kuwa ameelewa.

Ramadhani ya mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi, na masika ikaingia nayo. Siku ya tisa ya mfungo aliletwa usiku kwenye pikipiki, kati ya dereva na kijana wa jirani, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza maneno matatu. Oksijeni katika damu ilikuwa asilimia 79. Alilazwa siku nane.

Alipopata nafuu niliketi kitandani kwake na nikauliza bila kumlaumu, siku kwa siku, nini kilitokea. Alinisimulia hivi. Mwezi wa Ramadhani ndio mwezi wa vitumbua. Biashara inakuwa mara tatu, na kuni zilizolowa mvua zinatoa moshi maradufu. Dawa ya asubuhi na jioni aliiacha siku ya kwanza kwa kuhofia funga yake. Pampu ya buluu aliiacha kwa hofu hiyohiyo, na kwa nyingine aliyoitaja kwa sauti ya chini: wateja. Wanaomwona akivuta pampu huku anakanda unga wanasema ana kifua kikuu, au ana kile kingine, na vitumbua vinalala. Ndiyo maana pampu ilikaa kwenye pindo la kanga, isionekane. Siku ya sita makohozi yaligeuka ya kijani. Siku ya saba hakuweza kufika kisimani. Na karatasi yangu ya rangi tatu? Ilikuwa ndani ya sanduku pamoja na hati ya shamba, imehifadhiwa vizuri kabisa, maana ni karatasi ya hospitali na asingependa ichafuke.

Jambo la mwisho lilinikaa zaidi. Hata angeiona karatasi, yeye si mwamuzi wa safari ya hospitali. Nauli hutoka kwa mwanawe aliye Dar es Salaam, simu hupigwa na mkwe, na mkwe alikuwa amesafiri. Anayelala naye chumba kimoja ni mjukuu wa darasa la sita. Sikuwahi kuonana na mtoto huyo.

Baada ya hapo nilisoma upya kazi za wenzetu, na mbili zilibadilisha mtazamo wangu. Huko Québec, Kanada, mwaka 2003, wagonjwa 191 wa hospitali saba waligawanywa. Kundi moja lilifundishwa nyumbani kila wiki kwa miezi kama miwili, kisha likapigiwa simu kila mwezi, na kulazwa kwa sababu ya kuzidiwa kulipungua kwa karibu asilimia 40. Habari hiyo ndiyo iliyotupa moyo wote tunaofanya kazi hii. Lakini Glasgow walipofanya jambo linalofanana, wauguzi wakiwatembelea wagonjwa kwa mwaka mzima, matokeo yaliyotoka mwaka 2012 hayakuonesha tofauti ya kulazwa kati ya makundi mawili. Walipochunguza zaidi waliona kwamba asilimia 42 ya waliofundishwa ndio walioweza kweli kujisimamia, na hao walikuwa wenye umri mdogo kidogo na, jambo la maana kwetu, wengi zaidi wao waliishi na watu wengine.

Mwaka huohuo ilitoka habari nzito zaidi kutoka Marekani, kwenye hospitali 20 za askari wastaafu. Wagonjwa 426 walikuwa wameshaandikishwa utafiti ulipositishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliofundishwa kujitunza na kupewa mpango wa hatua walikufa 28, na wenzao waliopata huduma ya kawaida walikufa 10. Watafiti hawakupata sababu ya kuridhisha. Naieleza kwa kila muuguzi mwanafunzi anayekaa nami, si kumtisha, bali ajue kwamba kumkabidhi mgonjwa uamuzi ni tiba yenye uzito kama dawa nyingine, na hupimwa kwa mtu mmoja mmoja.

Kwa hiyo nilijiuliza upya kuhusu bibi: aamue nini mwenyewe, na nini asiachiwe peke yake?

Nchi nyingine humpa mgonjwa prednisoloni, vidonge vya kutuliza uvimbe wa njia za hewa, na antibiotiki akae nazo nyumbani, aanze mwenyewe dalili zikigeuka. Tulijadiliana na daktari tukakataa. Bibi amewahi kuugua kifua kikuu, na kila kikohozi kipya kwake kinahitaji makohozi yapimwe. Zahanati iko umbali wa dakika ishirini kwa bajaji. Tena ni mtu wa kuvumilia. Angepewa vidonge angevimeza na kukaa siku tano nyingine akisubiri. Uamuzi tuliomwachia ni mmoja: kutambua mapema na kuja siku hiyohiyo. Tukampa na uwezo wa kuutekeleza.

Rangi tatu tuliziacha. Kipimo tukakitoa kwenye maisha yake, na kipimo hicho ni kisima. Siku za kawaida hupumzika mara moja njiani. Akipumzika mara mbili, au makohozi yakiongezeka, au yakigeuka rangi, siku hiyo ni ya kwenda zahanati. Hayo matatu, kupungukiwa pumzi, wingi wa makohozi na rangi yake, ndiyo ambayo madaktari wa Winnipeg, Kanada, waliyatumia mwaka 1987 kupima kuzidiwa kwa ugonjwa huu, na bado yanatumika. Akishindwa kufika kisimani kabisa, akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi au akisinzia ovyo mchana, ni hospitali moja kwa moja, hata kama ni usiku wa manane. Nauli ya bajaji ilifungwa kwenye bahasha na namba ya dereva ikaandikwa juu yake. Mwanawe alikubali kwa simu kwamba bahasha hiyo haiombewi ruhusa.

Mjukuu alikuja kliniki akiwa na sare ya shule. Nilimfundisha yote niliyomfundisha bibi yake, naye akaongeza lake ambalo sikulifikiria: akapiga mstari kwenye daftari la hesabu kwa kila mvuto wa pampu, akiapa kuwa ikifika 180 atasema. Tangu hapo bibi hajavuta pampu tupu.

Nilimwandikia pia kadi fupi kwa ajili ya mhudumu yeyote atakayempokea: COPD, si pumu, pima makohozi, oksijeni ilengwe asilimia 88 hadi 92, isipitishwe. Wagonjwa wa namna hii wakifunguliwa oksijeni nyingi bila kipimo, hewa chafu inaweza kurundikana mwilini wakasinzia na kushindwa kupumua. Na prednisoloni ni miligramu 40 kwa siku tano. Waswisi walithibitisha mwaka 2013 kwamba siku tano zinatosha kama kumi na nne. Nimewaona wengi waliokaa nazo wiki tatu, sukari ikapanda na nyuso zikavimba.

Suala la funga sikulijibu mimi, kwa sababu si mahali pangu. Nilimwomba aende kwa imamu wa msikiti wake, nikampa maelezo ya dawa kwa maandishi. Jibu alilokuja nalo lilikuwa wazi: mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona hutoa fidia kwa kulisha maskini. Kuhusu pampu wanazuoni wamehitilafiana, na imamu mwenyewe yuko upande wa wasioona kwamba inafunguza, lakini akamwambia pumzi ikikatika avute kwanza, maswali yafuate. Kutoka kwangu maneno hayo yasingekuwa na uzito. Kutoka kwake yalikata mzizi. Dawa ya asubuhi na jioni ilipata wakati wake bila taabu: daku na futari.

Moshi haujaisha. Mwezi Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, na mwanawe akamletea jiko la gesi la mtungi mdogo. Gesi hiyo inachemsha chai. Kwa vitumbua vya kila alfajiri mtungi hauchukui wiki mbili, na faida ya vitumbua haiujazi. Sikumlazimisha. Tulilitoa jiko la kuni nje, chini ya paa la makuti lisilo na kuta, kuni zikawekwa juu zikauke, na mkwe akashika chuma cha vitumbua. Bibi anakoroga unga na kuuza, akiwa upande unaotoka upepo.

Novemba 2024, mvua za vuli, alikuja zahanati saa mbili asubuhi na mjukuu wake. Alikuwa amepumzika mara mbili njiani kwenda kisimani, na makohozi yamegeuka. Oksijeni ilikuwa 90. Makohozi yalipimwa, kifua kikuu hakikuwemo, akapewa dawa za siku tano na kurudi nyumbani kabla ya adhuhuri. Hakulazwa. Ramadhani ya 2025 alifunga siku kumi na saba, nyingine akala, na hakunificha hata moja. Mwezi Mei alitembea mita 268 kwa dakika sita.

Mapafu yake hayajarudi na hayatarudi. Akiwa ametulia oksijeni ni 91, usiku bado huamka mara moja kwa hofu, na siku za baridi ya Julai hatoki nje. Shirika la Afya Duniani linahesabu vifo milioni 3.5 vya ugonjwa huu kwa mwaka 2021, ukiwa wa nne kwa kuua duniani, na wengi wa wanaokufa kabla ya miaka 70 ni wa nchi kama zetu. Kliniki yangu ina muuguzi mmoja, nami nimepigania nipewe dakika ishirini kwa kila mgonjwa wa kifua badala ya tano. Nimezipata kwa Jumatano peke yake.

Mjukuu amemaliza mtihani wa darasa la saba na huenda Januari akachaguliwa shule ya bweni. Jumatano iliyopita bibi alikuja na binti mdogo wa mkwe, wa darasa la nne, ameshika chupa ya nusu lita kwa mikono miwili na daftari jipya kwapani. Nilimpa kiti karibu na changu.